Nyasi Juu ya Kitanda Chetu

Jumatatu, 3 Machi

Ijulikane kwa walio karibu na walio mbali: leo ndoo ya kwanza ya udongo imefika juu ya paa. Ndoo ni yetu ya kuogea. Mke wangu hana habari, yuko kwa dada yake. Kasema chumba chetu, kilichobebeshwa paa la zege, ni tanuri, na yeye si mkate. Atarudi kikipoa. Kitapoa! Nimesoma kwenye gazeti lililofungiwa sabuni: paa likioteshwa nyasi, joto linaishia huko huko juu. Nusu ya habari ilichanika. Mwenye akili nusu inamtosha.

Jumatano, 5 Machi

Kaja shemeji, kaka wa mke wangu, mwashi. Eti kwanza mpira wa kuzuia maji, juu yake kokoto, ndipo udongo. Kama godoro la mtoto mchanga, kasema. Nikamjibu sina mtoto mchanga. Jirani yangu fundi cherehani, ambaye kamba zake za kuanikia nguo hapa paani nimezisogeza kidogo (hadi ghorofa ya chini), akauliza ng'ombe watapandia ngazi ipi. Wivu!

Jumamosi, 8 Machi

Nyasi tayari! Mabonge mabonge, kutoka barabara inayochimbwa. Tundu la kutolea maji ya mvua likawa linameza udongo wangu. Nimeliziba kwa shati kuukuu. Si kuukuu sana, ndilo la harusi. Kisha nikalala chali. Mawingu yakapita kama wageni wasio na haraka ya kuaga. Nikauona mji mzima umeota nywele za kijani, nyuki wakienda kazini, mke wangu ubavuni akilalamika baridi. Nikazinduka na sisimizi sikioni. Raha tupu.

Jumapili, 9 Machi

Amerudi! Kagusa ukuta, kagusa tena. Kasema ama kweli, mume wangu, kumepoa. Kavuta shuka, mchana wa jua kali! Fundi cherehani kaja kudai kamba zake, akasahau, akabaki mlangoni akipunga ubaridi. Jioni likatanda wingu zito. Nikamwambia mke wangu: baraka hiyo, nyasi zina kiu.

Jumanne, 11 Machi

Paa lilishika mvua yote, halikupoteza tone. Likangoja tujilaze, likatugawia. Shemeji kalichomoa shati tunduni. Mke wangu kalitambua. Kaenda tena kwa dada yake.

Kosa ni shati, kitambaa chepesi. Kesho naziba kwa blanketi. Maji yakituama vizuri, napanda mpunga! Nimejilaza sakafuni, natazama doa la dari. Linafanana na bata anayeruka.

Mke wangu kapiga simu. Nikajua tu, kanikumbuka. Kauliza kama godoro limekauka.

Halijakauka.