Majani ya Njia Panda

Alhamisi, 24 Julai 2025
Nimemkosea Mwesiga. Naliandika hili kwanza kabla kalamu haijapata ujanja.

Leo tumepiga kura ya nafasi kwenye msafara. Klabu yetu ya magari ina magari matano, yote ya makamo kama wenyewe. Safari ni Jumamosi na Jumapili. Mwenyekiti wetu Placidius kaiita "Msafara wa Jangwani". Jangwa lenyewe ni mbuga za Kyerwa! Ila kiangazi hiki nyasi zimeungua, zimebaki vichuguu na udongo mwekundu. Ukikunja jicho moja unaamini.

Kwenye vumbi kuna nafasi moja tu nzuri, ya mbele. Wa mbele analipika, wengine wanalila. Mwaka jana nilikuwa nyuma ya Mwesiga. Nilirudi mwekundu kama tofali. Mke wangu Eustadia akanipita mlangoni, akauliza Baba Edgar yuko wapi. Mwesiga kalisimulia hilo kwenye harusi tatu.

Basi nikajitolea kuandaa karatasi za kura. Namba moja niliikunja mara tatu, nyingine mara mbili. Kidole kinajua. Namba tano niliibana kwenye pindo la kofia, nikaiachia zamu ya Mwesiga, wa mwisho kuchota, ilipofika. Safi!

Hakulalamika. Alisema afadhali, maana atampakia mama yake, Mama Ninsiima, akamsalimie dada yake kule Bugomora. Kwa hiyo atakwenda polepole, mbali na vumbi. Akanipiga begani: "Nova, ongoza. Ila usitufikishe Rwanda." Wakacheka wote. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Ijumaa, 25 Julai
Nimekata majani ya mgomba kumi na mawili. Ni kazi ya wa mbele: kila njia panda analaza jani, shina nyuma, ncha mbele. Ncha inaonyesha njia. Huku kwetu Nyakasimbi jani la mgomba chini halimshangazi mtu. Kule mbugani hakuna mgomba hata mmoja. Ukiliona, ujue kuna mtu kalileta. Na simu kule hazishiki.

Nimesikia kesho Bugomora klabu itachagua kiongozi wa kudumu wa msafara. Wanamtaka Mwesiga. Nimefikiri sana. Mtu asipokuwepo atachaguliwaje? Simtakii mabaya. Achelewe nusu saa tu.

Eustadia kauliza kwa nini nakata majani huku napiga mluzi. Nimesema nawajibika. Kasema mara ya mwisho nilipopiga mluzi hivi tulipoteza mbuzi.

Jumamosi, 26 Julai, jioni, Bugomora
Ningeweza kuandika kwamba ni bahati mbaya. Siandiki.

Saa nne asubuhi nilifika njia panda kubwa. Kulia barabara ya Bugomora, kushoto njia ya ng'ombe. Nikalaza jani kulia, vizuri kabisa. Nikasimama pembeni, nikawaambia wenzangu nachimba dawa, watangulie. Magari matatu yakanipita. Nikalihamishia kushoto, shingo imegeuka nyuma kuangalia kama Mwesiga anatokea. Nikakimbia kwenye gari.

Hapo ndipo nilipogundua. Nafasi ya mbele niliyoiibia kura nimeigawa bure! Nimekula vumbi la magari matatu mpaka Bugomora. Meno yote mekundu.

Nusu saa ikapita. Saa moja. Mbili. Wakapiga kura. Wamemchagua Mwesiga! Mikono yote juu, pamoja na wangu, maana kila mtu alinitazama. Placidius anasema asiyekuwepo ndiye mzuri, hana pa kukatalia.

Kisha akaja binti wa Kembabazi. Kembabazi ndiye dada yake Mama Ninsiima. Akauliza wageni wako wapi, mama yake amevaa tangu alfajiri, amekaa kwenye kiti nje, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kiko miguuni. Saa nane gari linamchukua kwenda Murongo, avuke Uganda kwa mwanawe akatibiwe miguu. Yeye na Mama Ninsiima hawajaonana miaka tisa.

Mimi hilo la saa nane sikulijua. Naapa sikulijua. Lakini mama yumo garini nilijua.

Nikasema mimi naenda kuwatafuta. Wakanisifu kwa moyo wa kujitolea! Njia panda nikakuta jani halipo. Ng'ombe wamelila, limebaki shina. Niliwakuta saa tisa, ndani kabisa, kwenye lambo lililokauka. Gari limezama kwenye tope la chini, juu kavu, chini uji. Mama Ninsiima amekaa kivulini mwa mlango, kitenge kichwani. Wachungaji wamempa maziwa. Mwesiga aliponiona akanikumbatia. Akasema alijua nitakuja.

Tulifika Bugomora saa kumi na nusu. Kiti kilikuwa bado nje. Mama Ninsiima alikaa juu yake. Hakulia. Alishika kibuyu tu, hakunywa.

Jumapili, 27 Julai
Tumerudi. Kumfuata Kembabazi Murongo haikuwezekana, alishavuka. Njiani Placidius kawalaumu ng'ombe, eti wamekula mwongozo. Nikasema ng'ombe ni tatizo kubwa. Nililisema hilo mara mbili.

Mwesiga akasema jambo ambalo halinitoki. Pale njia panda mama yake alimwambia asimame, jani halijakaa sawa. Yeye akamjibu: "Mama, aliyeko mbele ni Nova. Mtu wa kwetu hawezi kutupoteza."

Jumatatu, 28 Julai
Nimekwenda kwa mchungaji wa kanisa kuungama. Nikasema nimehamisha majani ya watu. Akauliza majani gani. Nikasema ya mgomba. Akafikiri nimeiba shambani! Akasema dhambi ni dhambi hata ikiwa jani, niyarudishe kwa mwenyewe.

Nikapeleka mzigo mzima wa majani kwa Mwesiga. Akashukuru sana. Kawalisha mbuzi wake. Akaniuliza nina shida gani siku hizi, mbona nimekuwa mwema.

Jumanne, 29 Julai
Leo nimemfuata Mama Ninsiima mwenyewe, kibanjani kwake, anaanika kahawa. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Nikapiga magoti. Nikasema kila kitu: kura, kofia, jani, nusu saa.

Aliendelea kugeuza kahawa. Akasema alikuwa ananisubiri tangu Jumamosi. "Jani la mwongozo linatanguliza ncha. Lile lilitanguliza shina. Nikajua aliyelilaza alikuwa anatazama nyuma."

Nikauliza kwa nini hakumwambia Mwesiga. Akasema hataki kumnyang'anya mwanawe rafiki kabla rafiki mwenyewe hajajaribu kuwa rafiki. Akaongeza kwamba mbuga ile haikuwa jangwa, ni malisho ya baba yake, yeye na Kembabazi walichunga pale. Siku hiyo yote pale kwenye lambo alikuwa anaangalia kichuguu walichokuwa wanakichezea. Alitaka kumwambia dada yake kwamba bado kipo.

Nikalia. Akanipa kazi, nigeuze upande ule mwingine wa kahawa.

Alhamisi, 31 Julai
Habari njema. Kembabazi amemaliza dawa, anavuka kurudi Jumamosi, saa nne asubuhi, Murongo. Nimekwenda mbio kwa Mama Ninsiima. Nimeahidi nitampeleka mimi, kwa gari langu, godoro nyuma, mto, maji, na rubisi mpya. Amekubali, kwa sharti. Pale pale Murongo, mbele yake na dada yake, nimwambie Mwesiga yote kwa mdomo wangu. Nimesema ndiyo. Nimesema ndiyo kwa moyo wote.

Mwesiga naye anakuja, na gari lake. Kasema sasa yeye ndiye kiongozi wa msafara, kwa hiyo atakaa mbele. Atanipikia vumbi, na mama yake nimempakia mimi!

Nimefikiri sana. Mama mzee asile vumbi. Hilo ni jambo la afya, siyo la ushindani. Halafu kuungama kunataka maandalizi. Nikiondoka alfajiri kabla yake, nikatangulia kufika, nitapanga maneno, nitakunywa maji. Sihitaji muda mrefu. Nusu saa tu.

Eustadia kapita, kaniuliza ninachopiga mluzi ni nini. Nimesema wimbo wa kanisani.

Majani nimekata manne. Safari hii nitatanguliza ncha, kama inavyotakiwa.

Naandika na tarehe ili nisije nikajikana: Jumamosi, tarehe mbili Agosti, saa nne kamili, Mama Ninsiima atakuwa amekaa Murongo na dada yake, mkono kwa mkono. Na Mwesiga atasikia kila kitu kutoka kwangu, bila kupunguza neno.

Akifika.