Gesi ya Meno kwenye Mlima wa Kamukuywa

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Kibomet, Kitale.

Namshukuru Mungu kwa meno ya Wazungu. Daktari wao wa meno anafunga kazi, anarudi kwao, na kwa vile nilimtengenezea gari amenipa mtungi wake wa gesi. Ile ya kumchekesha mgonjwa huku jino linang'olewa. Akanionya nisiivute. Niivute ya nini? Hiki ni chakula cha injini! Nikiwa jeshini fundi mmoja wa ndege alinieleza kwamba injini ikilishwa gesi hii inapata nguvu za ajabu. Nimeukumbatia mtungi njia nzima, watu wakinitazama.

Nyumba kimya. Wilkista bado yuko kwao Chwele. Aliondoka akisema aliolewa na Jotham, hakuolewa na lori, na kama nalipenda lori basi linipikie. Sasa baba mkwe, Mzee Mukhisa, ametuma neno: nifike Jumamosi kabla ya saa sita, wazee wanisikilize. Nimeshachelewa mara mbili, kwa sababu lori langu haliuwezi mlima wa Kamukuywa. Nikichelewa tena, Wilkista harudi. Basi. Nimekula viazi baridi, nikashukuru.

Jumanne, 7 Agosti.

Mtungi umekaa vizuri ndani ya kabini, kando ya kiti changu. Mpira unatoka kwake unapenya mbele hadi kwenye kabureta. Kazi safi!

Jirani yangu Gicheru akaja kuchungulia. Gicheru ana lori jipya na ana maoni juu ya kila kitu. Ati kwa gesi kama hii moto unawaka haraka mno ndani ya silinda, kwa hivyo nirudishe taimingi nyuma, plagi ichelewe kidogo kutoa cheche. Ati tena nitafute plagi za baridi, zile zisizokaa na joto, na mwanya wake niufinye. Nisipofanya hivyo nitatoboa pistoni.

Nikamshukuru, nikampa chai. Alipoondoka nikatikisa kichwa. Wivu huo, bana! Mtu akitaka kufika mapema si huondoka mapema? Basi hata moto. Nimesogeza taimingi mbele. Mwanya nimeufungua wazi ili cheche iwe nene. Plagi ni zilezile za zamani. Joto zimelizoea.

Alhamisi, 9 Agosti.

Nimezungusha handeli kuwasha lori. Handeli ikanirudia kwa nguvu, nusura inivunje kiwiko. Na hapo sijafungua gesi hata kidogo! Nguvu iliyoje!

Gicheru akanifunga mkono kwa kitambaa. Akasema handeli ikipiga teke ni injini inakuambia moto unakuja kabla ya wakati wake. Nimemshukuru sana kwa kitambaa.

Jumamosi, 11 Agosti.



Nimeondoka asubuhi na suti ya harusi. Kiminini barabara imenyooka, nikafungua gesi kidogo. Mama yangu! Lori likachomoka! Nikampita Gicheru, aliyekuwa anapeleka magunia Chwele. Nikampungia mkono. Nikaimba wimbo wa kanisa.

Daraja la Kamukuywa. Halafu mlima. Nikafungua mtungi wote. Injini ikaanza kugonga ko-ko-ko, nikajua ni nguvu inaingia. Katikati ya mlima: puu! Kabureta ikatema moto, moshi wa buluu kila mahali, lori likafa hapohapo. Nikaruka nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nikatazama jua. Lilikuwa juu sana. Nikasimama na suti yangu barabarani nikajua nimempoteza Wilkista, na ninampenda jamani, sijui kama nimewahi kumwambia.

Lori la Gicheru likafika, likasimama. Nani yuko ndani? Mama mkwe! Alikuwa ametembelea watu wa kanisa Kamukuywa, Gicheru akambeba.

Sasa kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, sembuse kukaa gari moja! Nikajitupa ndani ya kabini yangu, nikapandisha kioo, nikajifunika gunia kichwani. Kumbe ule mshtuko ulikuwa umechomoa mpira. Ssss. Harufu tamutamu. Nikapapasa nifunge mtungi, nikashika gia.

Mama mkwe naye akaligeuzia lori langu mgongo, kama inavyopasa, akaanza kumweleza Gicheru kwa sauti ili mimi nisikie. Kwamba Wilkista hali chakula. Kwamba akisikia lori lolote barabarani anatoka kusimama langoni. Kwamba yeye kama mzazi amechoka kumtazama mtoto wake akikauka hivyo.

Maneno ya kuchoma moyo. Na mimi nikaanza kucheka.

Nikauma gunia. Nikajifinya paja. Wapi! Mabega yanaruka, machozi yanatiririka, kifua kinatoa sauti ya ndama. Nikasema leo nimekwisha, hakuna mkwe aliyewahi kumcheka mama wa mkewe akabaki na mke.

Halafu nikamsikia mama mkwe, sauti imebadilika. Uwi! Mtoto wa watu analia! Ati tangu azaliwe hajaona mwanamume akimlilia mke namna hii. Naye akaanza kulia. Akamwambia Gicheru amwambie huyo mtu arudi nyumbani akapumzike, maneno ya wazee atayamaliza yeye mwenyewe.

Gicheru aliporudi kutoka Chwele akanivuta kwa kamba hadi Kitale. Mungu ambariki.

Jumatatu, 13 Agosti.

Wilkista amerudi! Amefika na lori la Gicheru, na jogoo kutoka kwa mama yake. Akanitazama machoni, akauliza kama kweli nililia. Nikasema gunia lilikuwa limelowa. Na lilikuwa limelowa! Nikamwambia pia kwamba ninampenda. Akafunika uso kwa leso.

Gicheru amefungua injini. Pistoni ina tundu la kuingiza kidole gumba, plagi zimeyeyuka ncha. Akanionyesha pole pole, moja baada ya nyingine, akasema ni taimingi. Nikamshukuru kwa moyo wote. Mtu mwema kabisa, ila injini hazielewi.

Wilkista anaimba jikoni. Amesema anashukuru kuliko wote, kwa sababu lori limekufa, sasa mume wake atakaa nyumbani kama wanaume wengine. Nikaitikia amina.

Maskini mke wangu, halijafa! Ni pistoni moja tu. Nimefikiria sana jambo hili, na kosa nimeliona: moto ulichelewa. Nimemwambia nakwenda nje kumtazama jogoo, na taimingi nimeshaisogeza mbele zaidi.