Cherehani Yetu Haiutikisi Ulimwengu

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kituo cha Kusikiliza Ulimwengu.

Shikamoo. Ni mimi jirani yako wa ukuta mmoja, fundi cherehani. Natumai wewe na mashine zako hamjambo. Sisi tu wazima wa mwili, ila roho juu juu, kwani umetuagiza tuhame kabla ya mwisho wa mwezi, eti cherehani yetu inawavurugia kazi. Bwana mkubwa, duka hili ndilo linalotulisha. Tukihama tumekwisha. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Mtaalamu wenu mrefu, tunayemwita Ngazi, alitueleza kwamba mnatafuta mawimbi ya uvutano, yaani mtetemo uliobaki tangu ulimwengu ulipoanza, kabla hata nyota hazijakuwepo. Tukampa pole. Sasa mtetemo uliopenya kote huko bila kukwama, leo uje ukwamishwe na sare za shule tunazoshona? Jamani!

2. Cherehani yetu ni tulivu mno. Mama mkwe hulala kando yake mchana kutwa, na akiamka hunilalamikia mimi tu.

3. Ngazi anadai mtetemo anaousikia hukoma saa saba mchana, tunapokwenda kula, na hurudi saa nane. Ajabu iko wapi? Ulimwengu umefanya kazi tangu enzi hizo, nao unyimwe chakula cha mchana?

4. Mkosaji mnaye humo humo ndani. Ngazi akiona mstari umepanda kwenye kompyuta, huruka kwa furaha. Akiruka, mstari hupanda tena. Akiuona, huruka tena. Juzi tulimtazama dirishani mpaka tukachoka sisi. Nyani haoni kundule, ila simtaji mtu.

5. Kwa hiyo naomba kituo ndicho kihame. Mawimbi yenu, kwa maelezo yenu wenyewe, yako kila mahali. Wateja wangu wako mtaa huu tu. Tena mawimbi yamesubiri tangu dunia haijawa dunia, ilhali sare zinatakiwa Jumatatu.

Nisalimie Ngazi, mlinzi wa getini na yule mama wa usafi, suruali ya mwanawe iko tayari. Mke wangu naye anakusalimu sana.

Wako katika ujirani mwema na utulivu,

Tanbihi: Uniwie radhi kwa mwandiko kurukaruka na mistari kupandana. Mke wangu anamalizia sare kwenye meza hii hii, nami sina pengine pa kuandikia. Ikifika saa saba nitatia sahihi.