Ufagio Umechelewa

Alhamisi, 13 Novemba
Leo nimefundisha shule! Mimi, Umm Galal, ambaye herufi nilizipata ukubwani msikitini, na bado zinanitoroka. Mwalimu Inas, anayewafundisha watoto habari za anga na bahari, aliniomba niwatajie dhoruba za baridi yetu ya Aleksandria. Nikazitaja zote, majina na tarehe, Ufagio mpaka Awwa, bila kupumua. Watoto thelathini na mmoja wakanihesabia kwa vidole. Mjukuu wangu Yomna alivimba kama mkate tanurini.

Nikawaambia Ufagio unashuka Jumapili, tarehe kumi na sita, kama enzi za bibi yangu. Mwalimu akasema kwa adabu kwamba karatasi yake ya utabiri inaonyesha Jumatano. Siku hizi bahari imepata joto, tarehe za wazee zinayumba.

"Binti yangu, bahari haijui kusoma," nikamwambia. "Kama mimi tu."

Wakacheka. Kicheko kikanipanda kichwani. Nikaapa: Jumapili isiponyesha, sikikalii tena kile kiti cha darasani. Kiti kizuri. Kina mto.

Jumamosi, 15 Novemba
Anga kama sahani iliyooshwa. Jirani wa chini, Umm Shukri, ameanika mablanketi. Mkesha wa Ufagio! Nikamwonya dirishani. Akajibu anashukuru, kesho ataanika na mazulia.

Jumapili, 16 Novemba
Jua. Jua la kukaangia mayai. Na kwetu Jumapili ni siku ya shule: saa tano darasa zima litapita chini ya roshani yangu, likapime upepo ufukweni! Nikawaza. Mvua ni maji. Maji ninayo.

Nikamwaga beseni zima. Likapiga mablanketi, mazulia, na kile kidude cha mwalimu chenye vikombe vinavyozunguka. Mtoto mmoja akainua uso, jani shavuni.

"Bibi, mbona mvua ina kotmiri?"

Yalikuwa maji niliyooshea mboga za mahshi, kabeji yangu ya kujazwa wali. Umm Shukri hata hakunitukana. Alicheka mpaka akakaa chini. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 17 Novemba
Sikutoka. Kiti kimekwenda. Yomna hakugusa kabeji yake, na kabeji yangu haikataliwi na mtu.

Alasiri Mwalimu Inas akabisha hodi. Nikamwambia aseme alilonalo, mradi ale kwanza. Akala. Kisha akaniuliza: miaka mingine Ufagio ulikuja lini? Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikayakumbuka yote. Mwaka aliozaliwa mwanangu Galal, siku yake hasa. Mwaka tuliomzika mume wangu, siku moja baadaye, tukalowa makaburini. Mwaka Yomna alipotogwa masikio, siku sita. Tukapanga maharagwe mezani, kila harage mwaka wake, kidole kimoja nje ya mstari kwa kila siku ya kuchelewa. Ya zamani yamekaa mstarini. Ya karibuni yametawanyika kama kuku.

Nikayatazama sana.

"Hajja," akasema, "haya hayamo kwenye karatasi yangu. Yamo kichwani mwako tu."

Nikampakulia tena.

Jumatano, 19 Novemba
Umeshuka! Madirisha yanalia, bahari imepanda barabarani, Umm Shukri anakimbiza mablanketi yake. Siku ni ya karatasi ya mwalimu, sawa. Jina ni langu.

Mwalimu alinifuata mwenyewe na mwavuli. Kuhusu kiapo, watoto wamehukumu: niliapa kutokalia kiti, basi wameniletea benchi, na ule mto wameuhamishia juu yake. Jumatano zote za baridi hii ni zangu. Maharagwe wameyabandika ukutani, jina langu chini yake, kwa mwandiko wa Yomna. Nimelisoma mwenyewe. Herufi hazikutoroka.

Nikawaambia wayatazame vizuri maharagwe hayo: tarehe za dhoruba hazishikiki tena, mtu mwenye akili haapi. Binti wa mbele akauliza, je, Qasim, dhoruba inayofuata, itakuja lini?

Tarehe nne Desemba, nikasema. Nikaapa.

Umm Shukri ameshasikia. Anatafuta mazulia zaidi ya kuanika. Mimi nimenunua kotmiri mafungu matatu, na beseni kubwa kuliko lile.