Malalamiko kuhusu Jiwe Langu Lililoloweshwa

Goma, Mabanga, tarehe 9 Aprili 2013

Kwa Bwana Injeniyeri Namegabe, msimamizi wa maabara ya mawe

Bwana Injeniyeri,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa wewe hukuliheshimu jiwe langu. Mimi ni Mahamudi Useni, muuza vitenge, mwenye ule ukuta wa mawe ya mchanga ambao shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, anataka niubomoe kwa sababu ya nyufa. Ndiye aliyenituma kwako na vipande viwili. Kimoja ulikiponda kikavu, kikabeba mzigo kiume. Cha pili ulikilaza majini siku nzima ndipo ukakiponda, kikabeba nusu. Ukaandika "dhaifu". Nalalamika hivi:

1. Hakuna anayepimwa nguvu baada ya kuloweshwa. Hata mimi, nilaze majini siku nzima uone kama nitainua robota la vitenge.

2. Umeusingizia udongo. Ulisema, na mke wangu Ramla ni shahidi: "Papa, muchanga haina shida. Ni ule udongo iko katikati. Ikikunywa mayi inavimba, jiwe inalegea." Lakini ulikiri kwamba ukiwa mkavu, udongo huohuo ndio unaozishika chembe za mchanga zisiachane. Mshenga aliyefungisha ndoa hashtakiwi kwa talaka.

3. Ulinishauri nijenge kwa jiwe jeusi la volkeno, kama watu wote. Bwana, mwaka 2002 jiwe hilo lilipita kwangu likiwa moto, likala nyumba, duka na kitanda cha marehemu mama. Nililichukia, na bado nalichukia. Jirani yangu Mama Émérance alilichonga lilelile lililomlia nyumba yake, akajengea nyingine. Huko ni kumwajiri mwizi awe mlinzi. Mimi niliagiza mawe kutoka mbali, yakafikishwa mlangoni kwa chukudu kumi na tisa, yale magari ya mbao ya kusukuma. Yana rangi ya mkate. Nayapenda.

4. Waasi waliingia mjini Novemba iliyopita, wakakaa, wakaondoka, na ukuta haukutikisika. Risasi zilitoboa mabati tu. Kumbe kosa ni la mvua inayopita kwenye matundu. Basi shefu aanze kuibomoa mvua.

Naomba cheti kiandikwe upya: "Imara, mradi usiloweshwe." Na usije ukadhani natania: leo baada ya sala ya adhuhuri nitaumwagia ukuta bidoni sita, madumu mazima ya maji, shefu mwenyewe akitazama, aibu irudi kwa mwenyewe.

Wasalimie wote hapo maabara, hata yule anayekuchotea maji.

Wako katika ukweli mkavu,
Mahamudi Useni

N.B. Bidoni ya nne haikuhitajika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimevunjika ukuta, na paa limeufuata. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Ramla alikuwa amewatoa watoto na magodoro tangu asubuhi, wala hakuniuliza. Tuko kwa Mama Émérance. Namalizia barua nikiwa nimeegemea ukuta wake mweusi, nje mvua inanyesha, na mgongo wangu ni mkavu. Anasema jiwe hili ninaloliegemea alilichonga palepale kilipokuwa chumba cha mama yangu. Nimelia kidogo. Cheti kiache, Bwana Injeniyeri. Nitafutie mchonga mawe.