Simu Yangu Haidanganyi

Leo nimeaibika mbele ya wazazi arobaini na sita, na ushahidi nimeutuma mwenyewe.

Binti yangu Nasra ana miaka minane. Anasoma shule ya Kiislamu ya mtandaoni: hesabu, Kiswahili, Kurani na adabu, vyote kwenye simu yangu. Walimu wako Dar, wanafunzi wametapakaa nchi nzima, sisi tuko Newala. Wazazi tuna kundi letu la kupashana habari. Mimi si kiongozi wa kundi. (Hakuna aliyenichagua. Najituma tu.) Wiki iliyopita Mama Shamimu wa Masasi alichelewa dakika nne kumwingiza mwanawe darasani. Nikamwandikia palepale kwenye kundi, watu wote wakisoma, kwamba mzazi asiyechunga wakati anamharibu mtoto. Akajibu, "Nimekuelewa, baba." Siku ile nililala vizuri sana.

Leo ilikuwa zamu ya Nasra kufanya mtihani wa mdomo. Saa nne kamili asubuhi. Asiyetokea anarudia hatua nzima, miezi mitatu, anakaa na watoto wa miaka mitano. Nasra kajiandaa mwezi mzima. Hata akiosha vyombo midomo inacheza.

Baada ya swala ya Alfajiri nikamwacha na bibi yake, nikaenda shamba. Mikorosho yetu iko kwenye mteremko, upande unaotazama mto Ruvuma. Watu walikuwa wanapulizia salfa, dawa ya ukungu, mimi nikasimamia. (Hawakuhitaji msimamizi.) Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Sikuusoma. Mtu mwenye majukumu hasomi kila ujumbe.

Nikapanda pikipiki kurudi mjini. Nafika nyumbani, natazama simu: saa tatu na nusu. Nimewahi! Nikajipongeza kimoyomoyo kwa mwendo ule.

Nasra alikuwa mkekani, hijabu imenyooka, macho mlangoni.

"Shikamoo baba. Tumechelewa?"

"Marahaba. Baba yako hachelewi. Bado nusu saa."

"Mbona jua limepanda sana?"

"Jua halina dakika, Nasra."

Bibi yake, mama yangu mzazi, akachungulia kutoka uani. "Mtihani wameahirisha?" Nikamwambia hapana, mama, wewe endelea na mboga zako. Nikaoga kwa raha. Nikanywa chai. Nikavaa kanzu na kofia, ili kamera ikipita kwangu inikute mzazi wa heshima.

Saa nne kasoro dakika mbili nikabonyeza linki. Ikaandika: tafadhali subiri. Tukasubiri. Saa nne kamili, kimya. Saa nne na dakika tano, kimya. Nasra akaanza kutafuna pindo la hijabu.

Hapo hasira zikanipanda. Nikafungua kundi la wazazi nikarekodi voisi. Nimeisikiliza tena jioni hii, kwa hiyo maneno nayajua:

"Assalamu alaykum. Ni mimi Baba Nasra, Newala. Tangu saa nne kamili tuko mlangoni mwa darasa, mwalimu haonekani. Wiki iliyopita nilisema na wazazi, leo nasema na walimu. Shule ya maadili isiyochunga wakati inafundisha maadili gani?"

Iliendelea kwa dakika tatu. Sehemu iliyobaki ilikuwa kali zaidi.

Ustadhi, mwalimu wa Nasra, akajibu kwa maandishi, kwa upole wake uleule. "Wa alaykum salaam. Baba Nasra, tulimngoja Nasra saa nne, dakika ishirini nzima. Nimekupigia mara tatu, hupatikani. Sasa ni saa tano na dakika kumi na mbili, namtahini mtoto mwingine."

Saa tano? Nikacheka kwa sauti, bibi yake Nasra akasikia huko uani. Nikaandika: "Ustadhi, simu yangu haidanganyi. Wazazi, tazameni wenyewe." Nikapiga skrinshoti, nikaituma.

Nikaona watu kundini wanaandika, wanafuta. Nilidhani wanatafakari.

Kisha Mama Shamimu akaandika: "Baba Nasra, mmehamia lini Msumbiji?"

Nikaitazama ile picha upya. Saa nne na dakika kumi na tatu, ndiyo. Chini yake, ule ujumbe ambao sikuusoma shambani: Karibu Msumbiji!

Simu ilinasa mtandao wa ng'ambo ya Ruvuma, ikajirekebisha kwa saa ya huko. Wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Niliporudi mjini mtandao ukarudi Tanzania. Saa haikurudi.

Vicheko vikaanza kumiminika. Mmoja akauliza hali ya hewa ya huko. Mwingine akaomba nimletee kitenge. Mzazi ambaye hajawahi kuandika neno tangu kundi lianzishwe leo kaandika: "Karibu tena nyumbani."

Hayo yote nilikuwa na uwezo wa kuyameza. Ila nilipogeuka, Nasra alikuwa amekwishaelewa. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu na mikono ikabaki mapajani. "Kwa hiyo nitarudia, baba?" Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya mwaka huu.

Simu ikaita. Mama Shamimu.

"Zamu ya Shamimu ni saa tano na nusu. Nimeongea na ustadhi, tunampisha Nasra. Shamimu ataingia wa mwisho."

"Mama Shamimu, sijui niseme nini..."

"Usiseme. Mwingize mtoto."

Tukaingia. Wazazi wanaruhusiwa kusikiliza, na leo walisikiliza wengi kuliko kawaida. Nasra akasoma Kurani bila kukwama hata mahali pamoja. Likabaki swali la adabu.

"Nasra," ustadhi akasema, "mtu amemsema mwenzake mbele ya watu, halafu ikaonekana mwenye kosa ni yeye. Afanyeje?"

"Aombe radhi."

"Amfuate pembeni?"

"Hapana, ustadhi. Aombe mbele ya watu walewale."

"Vizuri. Una mfano?"

Nasra akafikiri kidogo. (Mtoto huyu nimemlea kwa mikono yangu.) Akaichukua simu taratibu, akanigeuzia usoni.

"Huyu hapa."

Nikavua kofia, sijui hata kwa nini. Nikamwomba radhi ustadhi. Nikamwomba radhi Mama Shamimu, kwa leo na kwa zile dakika nne. Mama Shamimu akasema, "Yameisha, baba," na nadhani hakuwa anacheka.

Nasra amepata alama zote. Kwenye ripoti yake ustadhi ameandika, "Anatoa mifano hai." Mfano wenyewe ni mimi, niko hai kwa shida, naomba msinicheke.