Kadi Yenye Feni Tatu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye kompyuta ya mke wangu, Wulan. Sikumwambia. Ndiyo anayotumia kuhariri video za harusi. Kadi yake ya michoro, ile inayotoa picha kwenye skrini, ni ya zamani, imegoma. Picha inakatikakatika kama mtu mwenye kwikwi. Na mteja wake, Bu Marsini, anaitaka video ya harusi ya bintiye Jumamosi, ioneshwe kwenye karamu mbele ya nusu ya mji wa Malang! Wulan kaandika "Jumamosi" kwenye karatasi, kaibandika juu ya skrini. Afadhali angetukana.

Nikaenda kuuliza kwenye chama chetu cha Linux. Gatot, mwenyekiti, mjuaji wa kila kitu, akanijibu mbele ya watu: chukua kadi ambayo kiendeshi chake, yaani programu ya kuiongoza, ni huria, kimo tayari ndani ya Linux; unachomeka, inawaka. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Basi! Hiyo siinunui ng'o. Nisije nikawa mwanafunzi wa Gatot mpaka kaburini.

Jumanne, 5 Agosti
Muuzaji dukani naye kaniuliza natumia mfumo gani, kisha akanitolea ileile ya Gatot. Njama! Nimechukua nyingine: feni tatu, taa za rangi saba, kiendeshi cha siri cha kampuni. Nimemwambia Wulan ndiyo wanayotumia wahandisi wa roketi. Kauliza kama siku hizi roketi nazo zinaolewa.

Jumatano, 6 Agosti
Kadi ndefu, haiingii. Nimekata kasha kwa msumeno. Imeingia. Taa zinapendeza mno. Skrini nyeusi tii.

Alhamisi, 7 Agosti
Bado giza. Kumbe kiendeshi kimetengenezwa kwa Linux ya nyuma kidogo. Yangu mpya mno, haviivi chungu kimoja. Nimeomba msaada mtandaoni kwa simu, kwa jina la kubuni, Bu Sekarwati, mjane. Mtu kanijibu papo hapo, kwa upole, hatua kwa hatua. Gatot! Mwishoni kaandika: "Pole sana, Bu Sekarwati. Nisalimie dada yetu, Mbak Wulan."

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefuata maelekezo yake, ila hatua ya tatu nimeiboresha. Sasa kompyuta inawaka, inazima, inawaka, inazima. Bu Marsini kaja, kaketi barazani, kamaliza tempe zangu zote, vile vipande vya soya vya kukaanga, anataka aonje video kidogo. Nikasema umeme umekatika. Papo hapo runinga yetu ikashangilia goli.

Jumamosi, 9 Agosti
Wulan mwenyewe kampigia Gatot simu! Kaja na kadi yake kuukuu, ndogo, haina hata taa moja. Kafuta maboresho yangu, kachomeka. Ikawaka. Nikamuuliza ametumia amri gani ya siri. "Hakuna, Mas Prapto. Si nilikwambia?"

Adhuhuri video tayari. Kwenye karamu, bibi harusi alipoonekana kwenye video amepiga magoti akimwomba mama yake radhi, Bu Marsini kalia kwa sauti, na mimi pia, kidogo. Kisha kauliza nani kaokoa kazi. Wulan kamtaja Gatot. Gatot kakalishwa meza ya wazee. Mimi nimebebeshwa viti.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa si kadi. Kosa ni hii Linux ya kila mtu! Nimepata nyingine, inatengenezwa na ndugu wawili wasiopenda kuulizwa maswali. Hata Gatot hajawahi kuisikia. Wulan yuko Blitar kwa dada yake mpaka jioni. Ameacha video ya harusi nyingine ndani ya kompyuta, karibu inakamilika. Atashangaa atakapokuta kompyuta inakimbia! Nimeanza kuiweka; imeniuliza kama nina hakika nataka kufuta vyote vilivyomo. Nina hakika.